Opareta wa Fokolifti Hafundishwi kwa Makato ya Mshahara

Kila fokolifti inapomgonga mtu kwenye maghala, viwanda na bandari kavu zetu, sababu huwa inajulikana kabla mchunguzi hajafika: uzembe wa dereva. Maneno hayo yanaandikwa kwenye ripoti jioni ileile, opareta anapewa barua ya onyo au anaonyeshwa geti, na asubuhi mwenzake anapanda mashine ileile, anapita kona ileile, akikimbizana na idadi ileile ya kontena. Miaka ya karibuni imani hiyo imepata kifaa chake. Mashine zinafungwa vihisi vinavyonasa kila mgongano, kamera moja inatazama mbele na nyingine inamtazama opareta usoni, kadi ya kuwashia inaandika nani alishika usukani na saa ngapi, na taarifa zote zinakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya ofisini. Meneja anaambiwa kwamba opareta akijua anaonwa kila sekunde ataogopa, na akiogopa atatulia. Kifaa kikishafungwa, anayefuata kuitwa ni mtu wa mishahara.

Naipinga imani hii kwa sababu inaua watu. Sina ugomvi na ufuatiliaji wenyewe. Mashine inayoweza kumponda binadamu ndani ya sekunde moja lazima ifuatiliwe, na anayedai kamera zote zing'olewe naye anakosea. Ninachokataa ni wazo kwamba kumtazama mtu ni kumfundisha, na kwamba taarifa ya kosa lake ikishafika kwa mhasibu basi usalama umepatikana.

Tuanze na mashine, maana wengi wanaotoa hukumu juu ya maopareta hawajawahi kuikalia. Fokolifti ya kuinua tani 2.5 inaonekana ndogo ikisimama kando ya lori, lakini yenyewe ina uzito wa karibu tani 4, mara tatu ya gari dogo la kutembelea. Uzito huo umejazwa nyuma makusudi, ili mzigo ulioko mbele usiing'oe mashine sakafuni. Inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo opareta akigeuza usukani, mkia ndio unaofagia kwa nje. Kibarua aliyesimama ubavuni akiamini mashine imeshampita hugongwa na sehemu ambayo hakuitarajia. Mashine yote inasimama juu ya pembetatu, kona mbili kwenye magurudumu ya mbele na ya tatu katikati ya ekseli ya nyuma. Mzigo ukiwa chini, kitovu cha uzito wa mashine pamoja na mzigo kinabaki ndani ya pembetatu hiyo. Ukiinuliwa juu, kukata kona kwa kasi kidogo au mteremko ambao jicho halioni kunatosha kukitoa nje, na mashine inalala ubavu.

Ikianza kulala, mwili wa opareta unamwambia aruke. Akiruka, anaangukia upande uleule ambao paa la chuma linakuja. Ndiyo maana mafunzo mazuri humwambia kinyume cha silika yake: mkanda uwe umefungwa tangu mwanzo, shika usukani, kaza miguu, inama upande wa pili, baki ndani. Mtu hawezi kujifunza jambo hilo kwa king'ora kinacholia baada ya kosa, wala kwa kukuta shilingi zimepungua mwisho wa mwezi. Anajifunza kwa kuonyeshwa, kurudia, kusahihishwa na kurudia tena, na anayemsahihisha awe mtu anayeijua kazi.

Imani kwamba karibu ajali zote zinatokana na mtu ina historia, na historia yake haiheshimiki kama wanaoitumia wanavyodhani. Mwaka 1931 Mmarekani Herbert William Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bima, alichapisha kitabu juu ya kuzuia ajali viwandani. Humo aliandika kwamba asilimia 88 ya ajali zinatokana na vitendo vya hatari vya wafanyakazi, asilimia 10 zinatokana na mazingira ya hatari, na asilimia 2 haziepukiki. Takwimu hizo zimeingia kwenye semina za usalama duniani kote, zetu zikiwemo. Lakini Heinrich alizitoa wapi? Alizitoa kwenye mafaili ya madai ya bima na kumbukumbu za wenye viwanda. Zilikuwa ripoti zilizojazwa na wasimamizi, na msimamizi anayejaza ripoti ya ajali ana kila sababu ya kuandika kwamba Juma hakuwa makini, na hana hata sababu moja ya kuandika kwamba yeye mwenyewe alimpa Juma mashine yenye breki mbovu. Karne inakaribia kutimia, na bado tunasoma utetezi wa wasimamizi wa wakati ule tukiuita sayansi.

Wanaouza vifaa wana hoja yenye nguvu zaidi, na nitaijibu kwa haki. Wanasema vifaa vimepimwa na vimefanya kazi. Ni kweli. Utafiti wa Hickman na Hanowski, uliochapishwa 2011, uliangalia kampuni mbili za malori Marekani zilizofunga kamera. Matukio ya hatari yalipungua kwa asilimia 37 kwenye kampuni moja na asilimia 52 kwenye nyingine. Anayeuza kamera atafurahi kuzinukuu takwimu hizo. Asipoulizwa hatasema kwamba kilichopimwa pale kilikuwa kamera pamoja na mkufunzi: msimamizi aliketi na dereva, wakatazama picha ya tukio na kuzungumza juu yake.

Je, ni kifaa kilicholeta mabadiliko au ni mazungumzo? Swali hilo limejibiwa. Watafiti wa NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, walifunga vifaa kwenye magari 315 ya kampuni mbili, moja ya usafirishaji wa malori na nyingine ya kuhudumia visima vya mafuta na gesi, na kukusanya taarifa kwa takriban miaka miwili. Kundi moja liliachwa liendeshe kama kawaida. La pili, katika kipindi kimoja, lilipewa taa ndani ya gari inayowaka dereva akikosea. Katika kipindi kingine lilipewa taa hiyo pamoja na msimamizi aliyekaa na dereva wakatazama video za uendeshaji wake. Matokeo yalichapishwa 2017. Uendeshaji wa hatari ulipungua zaidi katika kipindi cha taa pamoja na ukufunzi kuliko katika kipindi cha taa peke yake, na kuliko kwa kundi lililoachwa. Katika kipindi cha taa peke yake, madereva hawakutofautiana kwa maana yoyote na kundi ambalo halikupewa kitu.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho mbele ya meneja aliyemaliza bajeti ya mwaka kwenye vihisi na hakubakiza hata saa moja ya kumlipa mkufunzi.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji kungoja Wamarekani watuambie. Kenya ilipotangaza kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu zote zililazimika kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Barabara zilitulia kwa muda, kisha mafundi wakajua namna ya kuvichezea na vikabaki vya kuonyesha polisi. Tanzania ikaleta mfumo wa kufuatilia mabasi kwa satelaiti, ulioanza wakati wa mamlaka ya usafiri ya SUMATRA na sasa uko chini ya mrithi wake, LATRA. Ni mfumo mzuri, nami nausifu kwa sababu umewapa abiria ulinzi ambao hawakuwa nao. Lakini LATRA yenyewe imelazimika mara kwa mara kuwaadhibu wamiliki na madereva kwa kuuchezea, hadi ikaleta kitufe cha kumtambua dereva aliye kwenye usukani. Kila adhabu mpya inazaa ujanja mpya, na kila ujanja unadai kifaa kingine. Dereva aliyechukua kifaa kile kuwa adui wa mkate wake atakitafutia dawa usiku na mchana.

Kwenye ghala ujanja ni rahisi zaidi. Kadi ya kuwashia ya opareta mmoja inaachwa kwenye mashine zamu nzima ili makosa yote yaandikwe jina la asiyekuwepo. Karatasi ya ukaguzi wa asubuhi, ya breki, honi, mnyororo, matairi na mkanda, inajazwa alama za vema tupu kabla mtu hajaigusa mashine, maana akiandika kwamba breki ni laini ataambiwa anatafuta sababu ya kukaa. Na lililo baya kuliko yote, matukio ya almanusura hayaripotiwi. Fokolifti imempitia mtu karibu mpaka rifleksa yake ikakwaruzwa. Wote wawili wanatazamana, wanacheka kwa woga, kila mmoja anakwenda zake. Wangesema nini, na wamwambie nani? Aliyepaswa kusikia ndiye anayeshika kalamu ya makato.

Usafiri wa anga ulishapitia hapa. Desemba 1, 1974, ndege ya TWA safari namba 514 iligonga mlima karibu na Washington ilipokuwa ikijiandaa kutua Dulles. Watu wote 92 waliokuwemo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wiki sita kabla, marubani wa kampuni nyingine walikuwa nusura wagonge mlima uleule kwa kutoelewa maelekezo yaleyale. Waliripoti ndani ya kampuni yao, wenzao wakaonywa, na habari ikaishia humo. Mamlaka ya anga ya Marekani ikaamua kuanzisha mfumo wa kupokea ripoti za makosa. Ikaona pia kwamba marubani hawatajieleza mbele ya chombo kinachoweza kuwanyang'anya leseni, hivyo 1976 kazi ya kupokea ripoti ikakabidhiwa NASA, ambayo haina mamlaka ya kumwadhibu rubani yeyote. Anayeripoti analindwa jina, na akiripoti kosa ambalo hakulikusudia hupata kinga dhidi ya adhabu. Mfumo huo unafanya kazi hadi leo. Nchi yenye sheria kali kuliko zetu ilikubali kuachia adhabu ili ipate ukweli.

Sasa niseme nilichokiona mwenyewe. Katika ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, karibu na ofisi ya msimamizi wa zamu, kulikuwa na ubao wenye majina ya maopareta na idadi ya migongano iliyonaswa na kifaa kila wiki. Majina ya juu yaliandikwa kwa kalamu nyekundu. Aliyeongoza kwa wekundu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, ambaye vijana wote pale walimwita Mzee na walimwendea kila mzigo ulipokaa vibaya kwenye rafu. Nilipomuuliza kwa adabu imekuwaje, hakujitetea. Aliniambia, "Mwanangu, kasimame mlango wa nne utazame."

Nikaenda nikasimama. Mbele ya mlango wa nne palipita mtaro wa maji uliofunikwa kwa bamba la chuma, na bamba lilikuwa limepinda katikati. Kila fokolifti iliyopita juu yake ilishuka na kupanda kwa kishindo, mzigo ukitikisika. Kifaa hakijui tofauti ya mtaro na nguzo. Kinapima mtikisiko, na kikipata mtikisiko kinaandika mgongano. Mlango wa nne ulipokea mizigo mirefu na migumu kupakua, kwa hiyo walimpangia Mzee, aliye hodari kuliko wote. Ubao ulimhesabu kuwa mbaya kuliko wote kwa sababu alipewa sehemu mbaya kuliko zote. Nilipoulizia juu ya lile bamba, niliambiwa liko kwenye bajeti. Makato ya Mzee hayakungoja bajeti.

Hapo ndipo ninapoona aibu ya mfumo huu. Kifaa kilikuwa kimefanya kazi yake vizuri kabisa. Kilimwambia mwenye ghala, kwa tarehe na saa, kwamba mlango wa nne una hatari. Kama kungekuwa na mtu wa kutazama matukio kwa mahali yalipotokea, bamba lingebadilishwa wiki ya kwanza. Lakini ofisi ilikuwa imeuliza swali moja tu, nani, na kifaa kikajibu walichoulizwa.

Swali la nani linaficha pia saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Hata kwa ovataimu, mtu asizidishe saa 12 kwa siku, na ovataimu yenyewe isizidi saa 50 katika wiki nne. Waulize vibarua wa maghala wakati meli zimefuatana au wakati wa msimu wa korosho na pamba. Dawson na Reid, watafiti wa Australia, walionyesha 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Nchi nyingi zinamkamata dereva wa barabarani kwa kiwango hicho. Migodini wapo waliofunga kamera zinazotazama macho ya dereva wa lori na kupiga kengele yakifumba. Ni kifaa cha maana. Lakini kengele ikilia mara kwa mara saa kumi alfajiri kwa madereva tofauti, anayepaswa kuitwa ofisini ni aliyepanga zamu.

Vivyo hivyo kwa bonasi. Kampuni inayomlipa opareta kwa idadi ya kontena alizoshusha, kisha ikamkata kwa mwendo kasi, imemlipa ili akimbie na imemkata kwa kukimbia. Opareta anafanya hesabu kama mtu mwingine yeyote mwenye ada ya shule ya kulipa, na bonasi ikizidi makato, atakimbia. Wala usimwite mzembe. Ametii maagizo yaliyoandikwa kwenye hati ya malipo.

Kwa kuwa tumefika kwenye malipo, wenye viwanda wakumbushwe kwamba makato mengi ya namna hii ni kinyume cha sheria. Kifungu cha 28 cha sheria hiyohiyo ya 2004 hakimruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa hasara kwa kuwa tu kifaa kimelia. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi cha deni, apewe nafasi ya kupinga, deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mtikisiko wa bamba la mtaro hautimizi hata sharti moja. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya wana ya kwao ya 2019. Sura ya mtu ni taarifa binafsi. Ukiirekodi kwa lengo la usalama, huna ruhusa ya kuigeuza kesho kuwa ushahidi wa kumnyima nyongeza ya mshahara.

Basi ukufunzi ninaoutetea unafananaje? Haufanani na semina ya siku moja yenye soda na cheti. Unafanana na dakika kumi, siku ileile au ya pili yake, kabla tukio halijasahaulika, mahali penye faragha, watu wawili na skrini moja. Video ni ya sekunde chache: kijana anakata kona ya geti la ndani na paleti imeinuliwa hadi usawa wa kifua. Mkufunzi anasimamisha picha na kuuliza, "Mdogo wangu, hapa ulikuwa unaona nini?" Kisha ananyamaza amsikilize. Kijana anajibu, "Kaka, nikishusha mzigo, uma zinakwaruza lile tuta la geti, na wiki jana nilikatwa kwa kukwaruza." Katika jibu hilo moja kuna kazi mbili. Ya kwanza ni ya kijana: apite tuta polepole na mzigo umeinuliwa kiasi cha kulivuka tu, kisha kabla ya kukata kona aushushe hadi sentimita 10 au 15 kutoka sakafuni, na ikiwa mzigo unamziba macho aendeshe kinyumenyume. Watatoka nje, ataionyesha mara kadhaa mbele ya mkufunzi. Ya pili ni ya menejimenti: tuta lisawazishwe, na tarehe iandikwe. Wiki inayofuata wanarudi kutazama yote mawili. Kama tuta bado lipo, mkufunzi anaripoti tuta kwa sauti ileile ambayo angeripotia kosa la kijana.

Mkufunzi huyo awe nani? Awe opareta mwenzao, mtu wa aina ya yule Mzee wa mlango wa nne, aliyepewa mafunzo ya kufundisha na kulipwa kwa saa anazofundisha. Asiwe na mamlaka ya kumkata mtu wala kumfukuza. Aonyeshe pia video za kazi nzuri, maana opareta aliyesimama kwenye makutano ya rafu, akapiga honi na kumngoja mpita njia amtazame machoni, amefanya jambo ambalo vijana wanahitaji kuliona likisifiwa. Hata kanuni ya Marekani ya mafunzo ya fokolifti, iliyotolewa Desemba 1998, inaelekeza hivyo: opareta akionekana anaendesha kwa hatari, akipata ajali au akinusurika nayo, apewe mafunzo ya marudio, na uwezo wake upimwe upya angalau kila miaka mitatu. Kanuni inadai mafunzo, na haikutaja mshahara wake.

Najua nitakachojibiwa. Wa kwanza atasema bila adhabu hakuna nidhamu, na watu wetu hawaendi bila kusukumwa. Namjibu kwamba adhabu ina mahali pake. Anayepanda mashine amelewa aondoke siku hiyohiyo. Anayezima kifaa makusudi, au aliyefundishwa, akatengenezewa mazingira, na bado akachagua kuhatarisha wenzake, aadhibiwe kwa utaratibu wa haki. Ila usimchanganye huyo na aliyekosea kama binadamu, wala na aliyetii amri. Nani asiyejua kwamba yule kijana anayesimama juu ya uma za fokolifti ili abadilishe taa ya dari, tendo ambalo kila mwongozo unalikataza, mara nyingi ametumwa na msimamizi mwenyewe kwa sababu ngazi haipo? Kamera itamwona kijana na opareta aliyemwinua. Sauti iliyosema "mpandishe haraka" haimo kwenye picha.

Wa pili atasema takwimu zake zimeshuka tangu aanze kukata, kwa hiyo dawa imefanya kazi. Namwomba aangalie ni takwimu zipi. Migongano iliyonaswa ikipungua, na ripoti za almanusura zikawa sifuri, huku gharama za matengenezo na paleti zilizovunjika zikibaki vilevile, basi watu wake wamejifunza kuficha. Ghala linaloanza kuaminiana huonyesha kinyume: ripoti za almanusura hupanda kwanza, kwa sababu watu wameanza kusema.

Wa tatu atalia gharama, na huyu sina subira naye. Amenunua vifaa, analipia huduma yake kila mwezi, analipa bima ya mashine. Saa chache za opareta mmoja kwa wiki ndizo anazoziona ghali. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi utamlipa aliyepondwa mguu, na ni jambo la kushukuru kwamba upo. Mguu haurudi.

Na kwa wale wanaosema maopareta wetu hawajasoma kiasi cha kufundishika kwa video na takwimu, nasema hawajawahi kukaa nao. Opareta mzoefu anakuambia uzito wa mzigo kwa namna nyuma ya mashine inavyokuwa nyepesi anapouinua. Anajua mashine ipi ina mnyororo uliolegea kwa kusikia mlio wake. Ana elimu ambayo ofisi haina, na mfumo wa makato umemfundisha kuinyamazia.

Nawaomba wasimamizi wa usalama kazini, OSHA wa Tanzania na wenzao wa Kenya, waache kupokea "uzembe wa dereva" kama sababu iliyokamilika katika ripoti ya ajali; waitake sakafu, zamu, bonasi na karatasi ya matengenezo ya mashine hiyo kwa miezi iliyotangulia. Nawaomba viongozi wa vyama vya wafanyakazi waache kupigania kamera peke yake na wapiganie nani anaiona picha kwanza. Iwe haki ya opareta kuiona kabla ya mtu mwingine yeyote, na iandikwe kwenye mkataba wa hali bora.

Nawe mwenye ghala, mambo haya hayangoji sheria mpya. Futa majina kwenye ubao na uandike milango, kona na saa ambazo matukio yanatokea. Mtafute opareta ambaye wenzake humwendea wakikwama, umlipe awafundishe. Badilisha bamba la mtaro. Na wale uliowakata kwa mitikisiko ya bamba hilo, warudishie fedha zao mwezi huu.